Karatasi za Bagia

Kariakoo, Jumapili

Dada Nice, shikamoo.

Sijamwambia mtu: hapa ninapotoa fotokopi, dukani kwa Mjomba Heriel, nanunua bagia kila siku ili nisome karatasi zilizofungiwa. Ni kopi zetu zilizotoka vibaya. Mjomba humpa muuza bagia boksi zima. Nimeshasoma barua za kazi, hati za viwanja, hata talaka.

Juzi nikasoma jina la Mama Sitara, muuza vitenge jirani yetu, na ugonjwa wake. Kopi ile niliitoa mimi, ikapinda, nikaitupa kwenye boksi. Nikanunua bagia zote zilizobaki; ukurasa wa pili haukuwemo.

Nikamwomba mjomba tuwe tunazichana kopi zilizoharibika. Akacheka: “We mtoto, bagia zifungwe kwa majani ya migomba? Hapa si Marangu!”

Sasa nazichana mwenyewe kimyakimya, naziloweka kwenye ndoo mpaka ziwe uji. Jana Mama Sitara kaleta karatasi nyingine. “Nakupa wewe, mwanangu,” alisema, “huna maneno.”

Usiniulize anaumwa nini. Usimwambie mtu, hata mama. Na barua hii ukishaisoma usiitupe, dada. Ichome.

Mdogo wako,
Agnesi