Bahari ya Mama Epiphanie

Gongoni, 6 Februari 2022

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha goti lako, maana najua siku hizi ndilo linalotawala nyumba. Linaendeleaje? Na maharage ya kule bondeni, mvua imeyaacha salama? Sisi huku pwani ni wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Sylvain anaendelea kuendesha lori la chumvi na mimi bado napikia wafanyakazi wa mabwawa.

Mama, chumba chako kiko tayari. Sylvain amekipaka chokaa na dirisha tumeliweka upande wa upepo. Tangu Papa atutoke uko peke yako juu ya kile kilima, na kila redio inapotaja vita vya Masisi mimi naacha sufuria iungue. Nimeshakuomba zaidi ya mara moja, na leo nakuomba tena: njoo ukae nasi.

Utaona vitu ambavyo Kalembe havipo. Ndani ya haya mabwawa ya chumvi kuna vidudu vyekundu, vidogo kama punje ya mchele, vinaogelea chali, miguu juu. Mayai yao ni vumbi la kahawia linaloelea ukingoni. Ukilikausha linakaa hata mwaka, ukilirudisha kwenye maji ya chumvi linaanguliwa. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipoona.

Nijibu haraka, Mama.

Mwanao,
Umuhoza


Kalembe, 20 Machi 2022

Umuhoza mwanangu,

Goti limepokea salamu zako, limenyamaza siku mbili, sasa limeanza tena kelele zake. Maharage yako vizuri. Mbuzi amezaa. Msalimie mkwe wangu Sylvain, na umshukuru kwa chokaa.

Kuja sitakuja, na unajua. Shamba halina mtu mwingine, na kaburi la baba yako bado halijasimikwa msalaba wa kudumu. Usikasirike.

Ila barua yako imeniletea ugomvi. Niliisoma baada ya misa mbele ya watu, ile habari ya vidudu. Papa Kanyamibwa, unamkumbuka, jirani yetu mwenye jibu kwa kila jambo, akacheka mpaka akaegemea fimbo yake. Akasema: "Mama Umuhoza, mutoto anakudanganya. Mu chumvi hakuna kitu inaweza kuishi. Chumvi njo ya kukaushia nyama."

Watu wote wakacheka naye. Mimi sikucheka. Kuniita mzee mjinga nimezoea, lakini kumwita binti yangu mwongo mbele ya kanisa, hilo nimelikataa. Kwa hiyo nitumie chumvi hiyo na vumbi hilo. Unifundishe kila kitu. Nitaiweka bahari yako katika sebule yangu na Kanyamibwa ataipigia magoti aione.

Mama yako,
Epiphanie


Gongoni, 2 Mei 2022

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo nyingi, kama wasemavyo huku. Nimesoma barua yako nikicheka peke yangu kama kichaa, na Sylvain naye akaomba nimsomee upya. Tunafurahi mbuzi amezaa. Goti ulikande kwa maji ya moto, usiliache.

Kifurushi utakipata kwa Françoise, yule rafiki yangu anayeuza vitenge Goma. Atampa Élysée wa pikipiki akuletee. Chumvi hiyo ni ghafi, imetoka bwawani. Usichanganye na ile ya pakiti ya dukani. Vumbi liko kwenye chupa ya dawa, limegawanywa mara mbili. Usilimwage lote kwa pamoja.

Tafuta fundi wa madirisha akuunganishie sanduku la kioo kwa silikoni. Sylvain anasema jina lake ni akwariumu. Liache likauke mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, halafu ujaze maji ya mvua, na kila lita uipe vijiko viwili vya mezani vya chumvi. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji matupu ya mvua, kwa sababu chumvi haiondoki, inabaki chini. Nimekuwekea kipampu cha hewa. Kifunge kwenye betri ya ile paneli ya jua. Uchafu wa chini uunyonye kwa kimpira chembamba kilichomo kwenye kifurushi. Na chakula, Mama, ni unga laini uliochekechwa, kiasi cha kushika kwa ncha ya kidole. Usiongeze mpaka maji yatakate tena. Kosa la wote wanaoanza ni kuwashibisha.

Sitakuficha kitu. Nakutumia haya nikitumaini kwamba ukishaona kidogo, utatamani kuja kuona yote.

Mwanao,
Umuhoza


Kalembe, 31 Julai 2022

Mwanangu Umuhoza,

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo nitakueleza. Mmeamkaje huko, na Sylvain hajambo?

Sanduku la kioo alilitengeneza fundi Hubert wa mjini, Masisi-centre. Élysée alilileta kwenye pikipiki likiwa katikati ya magodoro mawili, na njia nzima watu walimsimamisha wakiuliza ni jeneza la nani. Nikalijaza, likavuja usiku kucha, sebule ikawa tope. Nikalirudisha kwa Hubert. Akabandua yote, akaunganisha upya, na safari hii halikuvuja.

Nikaweka nusu ya vumbi. Hakuna kilichotokea. Siku zikapita, Kanyamibwa anapita mlangoni kila asubuhi kuniuliza kama bahari imeshaamka. Kisha nikafikiri: huko kwenu kuna joto, hapa kwetu asubuhi hata mbuzi anatoa moshi mdomoni. Nikalichota lile vumbi pamoja na maji yake, nikaweka katika dumu la plastiki nyuma ya jiko, pale ukuta unapobaki vuguvugu. Kesho yake jioni nikamulika kwa tochi. Mwanangu, walikuwa wanaujia mwanga, wengi wasiohesabika, wanarukaruka. Nilikaa chini. Nikamwita baba yako kwa jina, halafu nikakumbuka hayupo.

Nikawahamishia kwenye kioo, wakakua. Kanyamibwa alikuja, akabandika pua kwenye kioo. Jioni akarudi na mke wake, na mke wake akaja na unga wa mtama kwenye kikombe. Unajua desturi yetu: nyumba iliyozaa haiingiwi mikono mitupu. Tunakwenda kuhemba, mzazi anywe uji apate maziwa. Mama yule akasema: "Batoto wamezaliwa kwako, tutakuya namna gani bila kuleta kitu?" Akatia unga wake kidogo ndani ya maji. Kesho wakaja wengine. Kilima chote kilikuja, kila mmoja na mtama wake, na kila mmoja alitaka kutia kwa mkono wake mwenyewe.

Nilikuwa na barua yako mfukoni. Nilijua. Lakini mtu amepanda kilima na zawadi, umwambie aishushe tena? Sikuweza. Maji yakawa kama uji, yakanuka, na baada ya Jumapili wote walikuwa wamelala chini. Nililia, sioni aibu kukuambia. Nililia kuliko nilivyolia wakati ng'ombe wetu wa mwisho alipochukuliwa.

Nimekwisha kuosha kioo. Nusu ya vumbi ipo, na leo imeingia kwenye dumu. Nimewatangazia watu kwamba anayetaka kuhemba alete maji ya mvua, na hayo nitayamimina mimi. Wamekubali, wananicheka lakini wanaleta.

Sasa usiniulize habari ya kuja mwaka huu. Hawa nitamwachia nani?

Mama yako,
Epiphanie


Gongoni, 25 Septemba 2022

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wao pia, kwa kuwa naona sasa ni lazima niwaulizie wote.

Nimekasirika, na ni afadhali niseme. Nilikutumia bahari ikuvute, nayo imekufunga. Chumba chako kina kitanda, kina chandarua, na wewe unakaa kulinda vidudu ambavyo huku tunavikanyaga. Redio inasema watu wanaanza kuhama vijiji vya karibu na kwenu. Wewe unaniandikia juu ya maji ya mvua. Mama, ukifa huko nitamlaumu nani? Nitajilaumu mimi niliyekutumia chumvi.

Samahani kwa maneno haya. Sikuweza kuyaweka tumboni.

Mwanao anayekuogopea,
Umuhoza


Gongoni, 11 Desemba 2022

Mama,

Sina salamu ndefu. Barua mbili hazijajibiwa. Simu ya Élysée haipatikani. Françoise anasema watu wa Kalembe wamekimbia, wengine kuelekea Buleusa, wengine hajui. Hii nampa padri anayepita njia ya Bukavu, labda itakufikia.

Yale niliyoandika Septemba yafute. Niandikie neno moja tu, au mtu akuandikie, kwamba uko hai. Nitakuja kukuchukua popote ulipo.

Umuhoza wako


Hombo, 12 Machi 2023

Umuhoza mwanangu, kipenzi,

Niko hai. Nimekonda, goti limevimba, lakini niko hai na nakula. Barua ya padri nimeipata, na zile mbili pia, zote kwa mpigo. Msalimie sana Sylvain. Pole kwa hofu niliyokutia.

Tulitoka Kalembe alfajiri, risasi zikiwa bado ng'ambo ya mto. Unajua tulivyozoea: sufuria, blanketi, mbegu, basi. Nilibeba hivyo mgongoni. Kichwani nilibeba lile dumu, na bahari ndani yake. Kioo nilikiacha. Njiani mama mmoja akaniuliza: "Mama, unabeba maji na kule tunaenda mito iko mingi?" Nikamwambia haya ni ya chumvi. Alinitazama, akaenda kutembea upande mwingine wa barabara.

Buleusa tulipokelewa na watu wema. Walinipa pembe ya nyumba, walinipa muhogo, hawakunisema hata siku moja. Zaidi ya nusu ya vidudu walikufa, waliobaki niliwaweka karibu na jiko la wenyeji wangu. Na kila asubuhi niliomba ruhusa. Ruhusa ya kukaa karibu na moto, ya kutumia beseni, ya kuanika kitenge changu. Hakuna aliyenikatalia. Lakini niliomba.

Basi nikaamua. Nikasema binti yangu ana haki, nakwenda kwake. Nilifika hapa Hombo kwa lori la mbao, nikakaa kwenye benchi kungoja gari la Bukavu, njia ya kuja kwako, dumu likiwa miguuni. Haya nakuambia ili ujue kwamba sikukupuuza. Nilikuwa nimekuja, Umuhoza. Nilikuwa njiani.

Nikiwa hapo akatokea Élysée na pikipiki yake, amekuja kuuza mawese. Anasema Kalembe imetulia tangu wiki kadhaa, watu wamerudi, wanapanda maharage. Kanyamibwa amelima ukingo wa shamba langu ili asije mtu akalichukua. Kioo kimepasuka upande mmoja.

Nimekaa na habari hiyo tangu jana. Mwanangu, najua kwako nitapokelewa vizuri kuliko mahali pengine popote duniani. Lakini nitakuwa wa kupokelewa mpaka nife. Kalembe mlango ni wangu. Pale mimi ndiye ninayesema karibu. Hilo ndilo linalonirudisha, siyo vidudu, wala siyo Kanyamibwa. Wakinikimbiza tena nitakimbia tena, na nitarudi tena.

Gari la Bukavu linaondoka asubuhi hii bila mimi. Nampa dereva wake barua hii. Kesho Élysée ananibeba nyuma ya pikipiki.

Usilie sana. Nisamehe.

Mama yako,
Epiphanie


Gongoni, 16 Aprili 2023

Mama yangu,

Hujambo, na goti je? Lilifika salama juu ya pikipiki? Sisi tu wazima.

Nimelia, na nimekukasirikia siku nzima. Nilikiangalia kile kitanda, nikataka kukivunja. Jioni Sylvain aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilipita mlango wako wewe ukiwa ndani. Nikajaribu kukumbuka, nikaona nilikuja tu kwa maziko ya Papa, na hata siku ile nilikaa nje na waombolezaji, nikaondoka na gari la kesho yake. Miaka yote hii nimekuita uje kwangu. Kwako sijaja.

Sitakuomba tena. Chumba tumempangisha kijana anayefanya kazi na Sylvain kwenye lori.

Mwezi wa sita wakati wa mavuno nakuja Kalembe, nitakaa mpaka unichoke. Sijui nitabeba nini. Niambie wewe usichokuwa nacho. Na nikifika, Mama, usitoke kunilaki barabarani. Kaa ndani. Nitabisha hodi, nisubiri mlangoni, mpaka useme.

Mwanao na mgeni wako,
Umuhoza