Matundu Mawili Niliyoyaziba

Baba Ngoy,

Usitegemee nianze na machozi. Nimelia vya kutosha mbele ya watu, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya uongo. Leo nakuandikia ukweli, kwa hiyo tulia unisikilize, maana ulipokuwa hai kusikiliza kulikushinda.

Habari za hapa Kamina ni hizi. Pikapu yako ameichukua kaka yako Kasongo, siku ileile tulipomaliza matanga. Alitaka kupakia mahindi, kwa hiyo alifungua nati nne, wakalishusha lile sanduku lako la kulalia safarini nyuma ya nyumba, karibu na choo. Mimi mwalimu, ninayenyamazisha darasa zima kwa jicho moja, sikufungua mdomo.

Sanduku lako! Unakumbuka siku ulipolileta? Kampuni ya umeme ilikuwa imeling'oa kwenye gari lake bovu: chuma kitupu, makabati ya vifaa kulia na kushoto, mlango wenye mipira ya kuzuia mvua, na harufu ya grisi. Nikakuambia umenunua takataka. Ukacheka tu. Ulilisugua kwa sabuni na mchanga, ukamwita fundi akuongezee kuta na paa la bati. Juu ya makabati ukalaza mbao kutoka upande huu hadi ule, ukatandika godoro la sponji. Kabati moja la sufuria, jingine la chumvi na samaki, jingine la nguo. Mshahara wa reli ulikuwa haufiki tena, ukaamua kufuata samaki Kabondo-Dianda, na kwenye barabara ile gari likikwama ni kulala palepale. "Mama Ngoy, hii njo oteli yangu," ukasema, ukajilaza na viatu vyako ili upime urefu. Miguu ikagonga mlango. Ukajikunja, ukasema inatosha kabisa, na mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Nilikupenda siku ile, mjinga wewe.

Chini ya paa ulitoboa matundu mawili ya hewa, moja kila upande. Safari ya kwanza ulirudi na shuka zangu nyeupe zimekuwa nyekundu kwa vumbi. Nilizifua mara tatu. Basi, siku moja kabla ya safari ya pili, ulipokuwa umekwenda sokoni, nilichukua mastiki, gundi ya kuzibia aliyoiacha fundi, nikayaziba yote mawili na kulainisha kwa kidole. Nilijivunia kazi yangu. Sikukuambia. Nilitaka ujionee mwenyewe, ukirudi, kwamba shuka ni safi.

Asubuhi ya kuondoka, mama yako alisimama mbele ya gari akakuuliza: "Weye muntu muzima, unalala mu kisanduku kama maiti?" Sote tulicheka, hata yeye.

Ilikuwa mwezi wa sita, na baridi ya huku unaijua. Gari likakwama njiani, ukaingiza mbabula, lile jiko la makaa, ndani upate joto, ukafunga mlango. Watu waliokufungulia asubuhi walisema uso wako ulikuwa mtulivu kabisa. Shuka zilikuwa safi, Baba Ngoy. Nilizikagua.

Nilijua palepale kilichokuua. Wengine hawakuuliza habari ya hewa. Walikumbuka maneno ya mama yako. Kasongo alimnyooshea kidole mbele ya jeneza: "Ni weye! Ulisema maiti, akakuwa maiti. Mulozi!" Mchawi, mama yake mzazi. Wanawake aliokuwa akiimba nao kanisani wakasogeza viti vyao mbali. Na sanduku lilipokwisha kushushwa kwenye pikapu, walimtolea nguo zake nje, wakasema alale humohumo alimomroga mwanawe.

Na mimi? Nilinyamaza. Na nikuambie lingine, kwa kuwa huwezi kunijibu: nilifurahi kidogo. Miaka kumi na minne mama huyu alionja sombe yangu ya majani ya muhogo na kuuliza chumvi imekwenda wapi. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, kwenye sahani ya bati, nikaiweka chini mlangoni, nikaondoka bila kumsalimu. Wiki tatu nilifanya hivyo.

Jana alasiri upepo wa baridi ulirudi. Nilikuwa naanua nguo. Mama yako alipuliza makaa hadi yakawa mekundu, akainua mbabula, akaingia nayo ndani, akavuta mlango. Niliona ile mipira inavyobana. Nikaanua shati moja. Nikaanua la pili. Nilikuwa nafikiri hivi, kwa maneno hayahaya: akifa, hakuna atakayeuliza tena. Shati la tatu likaniponyoka mikononi, nikakimbia.

Mbabula niliitoa kwa mikono mitupu. Viganja vyote viwili vimeungua, ndiyo maana mwandiko huu ni mbaya. Kisha nikapanda juu ya kitanda chako, nikachokonoa mastiki kwa msumari hadi mwanga ukaingia pande zote mbili. Mama yako alikaa akinitazama. Hakushangaa.

"Nilikuonaka siku ile ukiziba," akasema. "Nilizani ulifanya kwa kusudi."

Nikauweka msumari chini. Nikamuuliza kwa nini hakusema, walipomtukana, walipomtupa humu. Alinijibu bila hasira yoyote: "Bakikufukuza, batoto batabakia na nani? Miye niko muzee."

Unaelewa, mume wangu? Aliamini nimemuua mwanawe, na kila siku alikula chakula kilichotoka mkononi mwangu. Mimi nilimwacha aitwe mchawi. Sijui mchawi ni nani tena.

Leo ni Jumapili. Kasongo amekuja, na wajomba zako wa Kabongo wamekuja, nimewaita mimi. Viti vimepangwa uani. Mama yako ameniomba ninyamaze, ameniomba kwa kupiga magoti, mwanamke mzee vile. Nimemwinua, nimekataa. Ndugu zako nawajua: watanitoa nje na kandambili zangu tu, na watoto watabaki upande wao wa ua.

Nakuahidi nitasema yote kwa mdomo wangu, hata yale mashati mawili. Mama yako atalala chumbani kwake leo. Kwaheri, mpenzi wangu. Sikuombi unisamehe, maana ungesamehe haraka mno.

Wananiita.

Ni mimi, ambaye mpaka sasa hivi bado naitwa Mama Ngoy.