Rada Iliyofuta Mvua

Mama Zuhura mpenzi,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kuwa Malaba imepata mtabiri wa hali ya hewa: mumeo. Foleni ya malori mpakani haisogei, basi nikaiwasha ile rada ya boti tunayoipeleka Uganda. Mama Amoit, aliyeanika mihogo yake yote kando ya barabara, akaniuliza, "Boss, hiyo TV inaona mvua? Nianue?"

"Hata tone hakuna, mama."

Mvua ikaja kabla sijamaliza chai, mihogo yote ikalowa. "Mashine haina makosa," Mama Amoit akasema, "shida ni mzee wake."

Ukweli ni kwamba rada iliiona mvua, madoa tele kwenye kioo chake. Ila ina kitufe cha kuyafuta, ili mabaharia waone boti. Nilitaka picha safi, nikakibonyeza. Sasa nimechutama jikoni kwake, nakausha mihogo kwa moto wa kuni. Nakupenda sana, watoto usiwaambie.