Kwa Mama Ernestine, Juu ya Chupa Tuliyoiita Mai

Mama Ernestine Kabamba, leo mwaka umetimia tangu ututoke hapa Kolwezi, mwepesi hata mwanao Merdi alikubeba peke yake.

Wewe uliyewapikia wachimbaji bukari na sombe! Ulionja kila sufuria kwa kiganja, ukasema, "Chumvi haiyafika, mungoje kidogo." Hata aliyetoka shimoni mikono mitupu ulimwekea sahani.

Tunaandika kwa kinyaa. Mdogo wako Stany, fundi wa betri za pikipiki, aliweka asidi katika chupa ya maji ya kunywa, na sisi wote uani tuliiita asidi ile "mai" tu, yaani maji. Siku ile ulitoka jikoni umeloa jasho, ukamuuliza, "Stany, mai iko wapi?" Akadhani unamchukulia asidi mteja aliyekuwa akingoja betri. "Iko mu chupa, Yaya, ku dirisha," alikujibu wewe dada yake. Ukameza mafunda mawili.

Na sisi je? Aka! Tulipiga kelele, "Mulete mafuta ya ngazi! Mumutapishe mbio!" Tukakushika kichwa, tukakumiminia mawese hayo, ukatapika damu. Munganga wa hospitali alituuliza nani alikutapisha. Akasema asidi ilikuunguza ikishuka, nasi tukaipandisha ikuunguze tena.

Koo lilifanya makovu, likabana. Miezi minane waganga walikuwa wakilipanua kwa mpira. Chakula kilipita katika mrija wa tumboni, na mate uliyatema katika kopo, maana hata hayo hayakushuka. Harufu ya kopo lile haijatutoka puani. Hata hivyo uliomba sufuria iletwe kitandani, ukaonja, ukatema, ukaandika katika daftari la mwanao Abigaëlle: "Chumvi haiyafika." Tulicheka tukilia. Mwisho koo lilipasuka wakilipanua, usaha ukajaa kifuani.

Juma lililopita tuliona sokoni asidi ile ile katika chupa zile zile, zenye picha ya chemchemi. Tumeichukia. Lakini tunajichukia zaidi sisi. Kwenye matanga tulimfukuza Stany, akalia nje ya lupango, ua wetu, kama mgeni, na hakuna aliyetaja mafuta yetu. Jina lake tulilifuta katika tangazo la kifo chako. Tena tulificha ukurasa wa mwisho wa daftari, ulipoandika: "Musimufukuze Stany. Sisi wote tuliita mai."

Tumeutoa sasa, Mama, na tumemsomea mwenyewe. Alikaa chini. Mume wako Tata Kalenga alimshika mkono, akamwambia, "Shemeji, rudia nyumbani."

Wanaokukumbuka: mdogo wako Stany, ambaye mume wako amemwandika wa kwanza kwa mkono wake, mume wako Tata Kalenga, wanao Merdi na Abigaëlle.

Kila tunapomeza, tunakukumbuka.