Kituo cha Jua Njiani mwa Solongo

Ulaan Khooloi,
Gobi ya Kusini,
Mongolia.
12 Januari 2026

Mpendwa mdogo wangu Sodnom,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo. Natumaini zitakukuta mzima hapo Seoul, wewe na Yanjmaa na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Usinijibu kwamba ni mzima. Yanjmaa ameniambia huvai soksi bila kusaidiwa. Sisi tunasukuma siku. Mbuzi bado wana mafuta kiasi, magoti ya shemeji yako yanalalamika kila asubuhi, na baridi ya mwaka huu haina adabu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kwa takwimu. Karatasi haikatizwi. Jirani yetu Oyunaa anarudi kazini huko, atakukabidhi mkononi.

Jambo lenyewe ni hili. Binti yangu Solongo anataka kuja kusherehekea Mwaka Mpya wetu wa kalenda ya mwezi nyumbani mwezi ujao, kutoka Ulaanbaatar, na mtoto mchanga, kwa lile gari lao jipya la umeme. Njia nzima ya jangwani hakuna pa kuchaji ila kituo cha sola ulichokichora wewe. Naogopa, Sodnom. Nakaa na kazi mkononi, nashtuka nimesahau nilikuwa nafanya nini.

Usidhani nimegeuka. Hakuna mtu wilaya hii aliyekipigania kituo kile kuliko mimi. Niliwashambulia gazetini wenye malori ya makaa ya mawe waliokipinga, nikawaita wauza vumbi, na sifuti neno hata moja. Kituo kinachojitegemea, bila waya wa serikali wala jenereta, ni haki ya watu ambao nguzo za umeme zimewapita kwa mbali. Lakini kutetea kitu si kukifumbia macho.

Wewe uliweka akiba. Sehemu ya mwisho ya umeme isipewe gari lolote, ibaki kuzipasha joto betri za kituo, maana zikiganda hazipokei chaji hata jua liwake vipi. Hapo ulifikiri vizuri. Kisha ukaweka swichi ya dharura ya kufungulia akiba hiyo, ukamkabidhi binamu yetu Namjil, anayekilinda kituo. Namjil huyo huyo ambaye tangu utoto hajui kumnyima mtu.

Basi mwezi uliopita vumbi lilifunika jua, betri zikashuka hadi kwenye akiba. Ikafika familia moja, mtoto anakohoa, gari limebakiza pumzi. Namjil akafungua. Wao walifika salama. Betri ziliganda, na daktari wa mifugo aliyekuja nyuma yao alikuta kituo kimekufa. Aliponea kwenye jiko la Namjil.

Nilimkuta Namjil akifagia theluji juu ya paneli zisizo na kazi. Nikamwakia.

"Dada, ulitaka nimwambieje yule mama?" akaniuliza. "Samahani, umeme upo, ila betri zinasikia baridi?"

"Ungewaingiza hemani mwako wasubiri jua."

"Hema langu lina vitanda viwili na wakwe zangu wanne. Na jua lenyewe, nani alijua litarudi lini?"

Sikumlaumu tena, na kituo sasa kimeshafufuliwa. Nakulaumu wewe, na wenzako wote wanaochora maisha ya watu kwa wastani. Ulihesabu magari kwa wastani wa mwaka. Wastani haujawahi kupita barabara yetu. Wiki nzima halionekani gari, halafu kabla ya mkesha wa Mwaka Mpya nchi nzima inaingia njiani kwa pamoja, kila mmoja akiwahi kwa wazazi wake, wote na watoto, wote na baridi. Namjil atamfungulia akiba wa kwanza atakayelia. Solongo atakuwa wa ngapi? Gari la mafuta likikwama, dereva ana cha kuwashia moto. Hili la umeme likiisha chaji, limeisha na joto lake.

Na mchoro wako una paneli, betri na mashine za kuchajia, lakini hauna mahali pa mtu kusubiri. Jenga hema kubwa pale, lenye jiko na samadi kavu ya kutosha kuwashia moto, ili mtu asilazimike kuomba umeme ndipo aishi. Hapo hata Namjil ataweza kusema hapana. Lakini hilo ni la msimu ujao. Solongo anakuja sasa.

Nimemwambia. Alinicheka. "Mama, wewe unagombana hata na birika la umeme. Mjomba ameshakokotoa kila kitu. Au unajua kuliko mjomba?"

Mimi ameshanizoea. Neno lako bado lina uzito kwake. Najua ninachokuomba: ukimkataza, umekiri mbele ya ukoo na kampuni yako kwamba kituo hakijaiva. Kwa hiyo sikuombi umkataze. Nakuomba umpigie simu umwambie, "Njoo mwanangu, mlete mtoto, kile kituo nimekiunda mimi." Useme kwa sauti yako, bila takwimu. Ukiweza kuyatamka hayo, nitanyamaza na kumsubiri. Yakikukwama kooni, mwambie apande basi.

Nisalimie sana Yanjmaa, na Bilguun na mdogo wake, waambie shangazi yao amewawekea jibini kavu. Namjil anakusalimu, na hana kinyongo. Shemeji yako pia. Mbingu iwafunike nyote, na njia ya kila anayerudi nyumbani iwe nyeupe.

Dada yako akupendaye, aliyekaa karibu na simu,
Dulmaa