Moshi wa Tanuri la Baba

Mpendwa Dada Masika,

Nimeshindana muda mrefu na swali moja: je, mtu aweza kuijua hewa ya mahali ambapo hayupo? Barua yako imenilazimisha kulijibu kabla sijawa tayari. Lakini kwanza, hamjambo nyumbani? Kifua cha mwanao Paulo kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku ugenini imetufungia madirisha tangu mwezi uliopita, na hati yangu ya kusafiria imekwisha muda. Ubalozini wananiambia nirudi Uganda kwanza ndipo nipewe mpya. Nami nikirudi siku hizi, sijui kama nitaruhusiwa kutoka tena.

Umeniuliza kama moshi wa tanuri la chokaa la Baba ndio unaomkohoza Paulo, ili umhamishie kwa mjomba kule Bwera. Ukaniandikia na jibu la Baba: "Moshi hii ndiyo ilisomesha Kavira. Leo iko sumu? Mashine yake iseme basi, tusikie!" Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Mashine hiyo ya hesabu ninayofanyia kazi huku hujaza chumba kizima. Bonde letu, toka milimani hadi Kahendero ziwani, nililigawa katika visanduku vya kufikirika. Mashine hukokotoa jinsi upepo unavyosukuma moshi toka kisanduku hadi kisanduku. Mara ya kwanza ilijibu kwamba moshi wote huishia ziwani. Nilifurahi siku nzima. Ndipo nikakumbuka kwamba vipimo vya upepo nilivyoilisha ni vya mchana, hali Baba huwasha tanuri baada ya sala ya jioni, ili wapakia mawe wasiunguzwe na moto na jua kwa pamoja.

Usiku hewa baridi hushuka toka milimani ikatuama bondeni kama maji katika beseni, na hewa yenye vuguvugu huifunika kwa juu. Nilipobadilisha hesabu, moshi haukupata pa kutokea. Ulilala katika kisanduku chenye nyumba yetu hadi jua likapanda.

Hata hivyo, upepo huo wa usiku hakuna aliyeupima. Niliukadiria kwa kumbukumbu ya moshi uliolala juu ya migomba tulipokwenda kuteka maji alfajiri. Huenda nazikumbuka asubuhi chache tu, nikaziita desturi ya bonde. Huenda pia natamani mmoja wetu atoke alikofungiwa, na tamaa hiyo imepenya katika hesabu zangu.

Mpeleke Paulo Bwera. Usimwambie Baba kwamba mashine imesema. Mwambie Kavira ameomba. Akikasirika, anikasirikie mimi.

Nisalimie Mama, mjomba na mkewe watakaompokea mtoto, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Baba msalimie mwisho, akishakula.

Paulo akipona huko, bado hatutajua kama kilichomponya ni hewa au maziwa ya mbuzi wa mjomba. Hilo lingehitaji mtu akeshe bondeni na kipima-upepo, na mtu ambaye angefanya hivyo hathubutu kurudi.

Mdogo wako akupendaye,
Kavira