Madumu ya Upanga

Shikamoo Fundi,

Nimekaa kwenye lile tairi lako mlangoni mwa gereji, hapa mtaa wa Gerezani, Kariakoo. Mikono ina grisi na karatasi imeshaingia madoa. Nimechoka, utanivumilia.

Tangu tukuzike, Birika imenitoa jasho. Wapagazi wa Kariakoo bado wanaiita hivyo ile kirikuu yako, kigari chako cha mizigo, kwa sababu ya bomba la shaba la friji ulilolizungusha kwenye eksozi. Moto wa injini unachemsha maji, mvuke unaingia kwenye injini pamoja na hewa, na injini haigongi hata ukilipakia gari magunia mpaka juu. Ulikuwa unasema, "Tunaichemshia chai, nayo inatubebea mzigo." Tulicheka sana. Sasa sina wa kucheka naye.

Mkeo, Mama Zuhura, aliniachia mimi msaidizi wako niiendeshe, maana ndiyo inayomlisha yeye na watoto. Nikakuta maji yameisha kwenye kitangi kinacholisha lile bomba, nikajaza ya kisima cha hapa uani. Nikajiambia maji ni maji tu. Haikupita muda ikaanza kugonga, ikakosa nguvu, mwisho ikanizimikia na mzigo katikati ya Mtaa wa Msimbazi, watu wanapiga honi na kunitukana. Jamani! Nilirudi na hasira, nikamwambia Mama Zuhura mbele ya mafundi wote kwamba ulitudanganya, kwamba lile bomba lilikuwa mchezo wa mzee. Hakubishana. Alisema basi ling'oe, akajifunga kitenge akaondoka.

Jana nimeling'oa. Nikalikata kwa msumeno nione lina nini. Ndani limeziba chumvi tupu, nyeupe, ngumu, hata sindano haipiti. Hapo ndipo nilipoyakumbuka madumu yako. Kila Jumanne ulikuwa unaenda Upanga kwa miguu na madumu mawili, kukinga maji yanayodondoka kwenye viyoyozi vya yale maghorofa. Mimi nilidhani ni uzee. Hukusema kwamba maji yale hayana chumvi, na mimi mjinga sikuuliza hata siku moja. Nisamehe, Fundi. Nimekutukana na hupo kujitetea.

Leo asubuhi nimeenda. Mlinzi wa ghorofa aliponiona tu na madumu akajua natoka kwako. Alikuwa ameendelea kukukingia. Madumu sita yamepangwa ukutani, yamejaa, yote ameyaandika jina lako kwa chaki. Akaniuliza, mzee haumwi? Mbona kimya hivi? Nikashindwa, Fundi. Nikasema hajambo, anakusalimia. Nikabeba mawili, nikalia njia nzima mpaka Kariakoo, na watu wakadhani ni uzito.

Bomba jipya nimelizungusha mchana huu, mizunguko ileile kumi na moja. Nimejaza maji ya Upanga, nimewasha, nimelipakia gari magunia, nimezunguka nalo mtaa mzima. Haligongi.

Kesho nalipeleka mlangoni kwa Mama Zuhura asikie mwenyewe, na mafundi walewale nitawaita, niseme mbele yao kwamba aliyekosea ni mimi. Halafu Jumanne nitarudi Upanga, nimwambie mlinzi ukweli. Nitamwomba kitu kimoja tu, jina lako asilifute.

Pumzika, Fundi. Madumu nitabeba mimi.